Kuendesha Pikapu kwa Ethanoli ya Mahindi: Mwongozo kwa Wenzetu wa Iowa na Majirani Zake

Ukiendesha pikapu hapa Iowa, Nebraska, Minnesota au Illinois, pampu ya E85, yaani ethanoli ya mahindi iliyochanganywa na petroli, si ngeni machoni pako. Mara nyingi mkono wake ni wa njano, na bei yake iko chini ya petroli kwa senti hamsini, sabini, wakati mwingine hata zaidi. Wenzetu wengi wanaofanya kazi za kukata nyasi, kuhamisha watu nyumba, kubeba vifaa vya ujenzi au kuvuta tela hupita hapo kila wiki bila kujua kama mafuta hayo yanawahusu. Kuna walioambiwa kwamba yanaua injini. Kuna waliovutwa na bei, wakajaza tangi bila kuuliza, kisha taa ya injini ikawaka kabla hawajafika nyumbani.

Msimamo wangu nautoa mapema. E85 ni mafuta mazuri kwa gari lililotengenezwa kuyatumia, na yanakulipa siku zile tu ambazo hesabu ya maili inakubali. Kwa hiyo mambo mawili ya kwanza ni kulijua gari lako na kuijua hesabu. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwanza, haya mafuta ni nini

Ethanoli ni pombe. Mahindi husagwa, hupikwa kwa maji pamoja na vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hutiwa hamira yakachacha, kisha hukenekwa. Aliyewahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa anaijua kazi hii. Kiwandani wanaongeza hatua ya kuondoa maji yaliyosalia, halafu wanatia petroli kidogo ili isinyweke. Usiionje kamwe. Ni sumu.

Bushel moja ya mahindi, kipimo cha wakulima wa huku chenye uzito wa kilo 25.4, hutoa karibu galoni 2.9 za ethanoli, yaani lita 11 hivi. Machicha yanayobaki hukaushwa yakawa chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani kwa mahindi na kwa ethanoli pia, na sheria za mafuta za mwaka 2005 na 2007 ndizo zilizofanya viwanda hivi viote kila upande wa mashamba. Ndiyo maana bei yake hapa huwa nzuri kuliko majimbo ya mbali, ambako lazima isafirishwe kwa treni au malori.

Hatua ya 1: Hakikisha gari lako linaruhusiwa

Gari linaloweza kutumia E85 huitwa flex-fuel. Hilo linakubali petroli tupu, E85, au mchanganyiko wowote ulio katikati, yote ndani ya tangi lilelile moja. Tofauti yake na pikapu ya kawaida haionekani kwa nje. Mabomba, mipira na pampu ya mafuta vimetengenezwa kwa vitu ambavyo ethanoli haivili, nozeli za injini zinapitisha mafuta mengi zaidi, na kompyuta inajua kupima ethanoli iliyomo na kurekebisha. Inahitaji kurekebisha sana: petroli huungua vizuri kwa uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta, lakini ethanoli tupu inataka sehemu 9 tu za hewa. Gari lisilojua hilo litapata mafuta pungufu kuliko linavyohitaji.

Anza kukagua hivi. Tazama nyuma ya gari, mlango wa boksi la mizigo, kama kuna kibandiko chenye maneno FlexFuel au E85. Fungua mlango wa tangi: magari mengi ya flex-fuel ya kuanzia mwaka 2006 hivi yana kifuniko cha njano, au duara la njano kuzunguka mdomo wa tangi. Lakini kama pikapu umeinunua ikiwa imetumika, usiamini kifuniko peke yake, kwa sababu vifuniko hupotea na watu hununua chochote kinachoingia. Kibandiko nacho huanguka gari linapopakwa rangi upya.

Ushahidi wa kuaminika ni namba ya chasisi, ile yenye tarakimu na herufi 17 inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Hesabu kutoka kushoto mpaka alama ya nane. Hiyo ndiyo inayotaja injini. Mfano: Chevrolet Silverado nyingi za mwaka 2003 hadi 2006 zenye injini ya lita 5.3, alama ya nane ikiwa Z ni flex-fuel, ikiwa T ni petroli tu. Magari mawili yanafanana kama mapacha, yameegeshwa pamoja, moja linakubali na jingine halikubali. Kwa gari lako, soma kitabu cha mwenye gari sehemu ya mafuta, au mpe muuza vipuri wa kampuni hiyo namba ya chasisi akuangalizie. Ni huduma ya dakika mbili na hailipishwi.

Usidhani kwamba gari jipya ndilo lenye uwezo zaidi. Kwa miaka mingi watengenezaji walipata nafuu katika hesabu za serikali za matumizi ya mafuta kwa kutengeneza flex-fuel, ndiyo maana pikapu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zina uwezo huo na wenyewe hawajui. Nafuu hiyo ilipopunguzwa, aina nyingi ziliachwa. Ford F-150 zenye injini za EcoBoost, kwa mfano, haziko kwenye orodha, ilhali ndugu zake wa V8 ya lita 5.0 wa miaka kadhaa wamo.

Na kama pikapu yako ni ya dizeli, Cummins au Duramax au Power Stroke, ukurasa huu umeishia hapo kwako. E85 isiingie tangini mwake hata kikombe.

Hatua ya 2: Soma pampu kabla ya kushika mkono wake

Vituo vya huku vinauza michanganyiko mingi kwenye mashine moja, na hapa ndipo watu wanapokosea. Namba inayofuata E ni asilimia ya ethanoli. E10 ndiyo petroli ya kawaida ambayo karibu kila mtu anaweka. E15 imeruhusiwa na idara ya mazingira ya serikali, EPA, kwa magari na pikapu za mwaka 2001 na kuendelea, hata zisizo flex-fuel. E30 na E85 ni za flex-fuel peke yake. Hakuna kati ya E15, E30 na E85 inayofaa mashine ya kukata nyasi, jenereta, msumeno wa miti, pikipiki au boti. Mtu mwenye kazi ya bustani anayejaza pikapu na madumu ya mafuta ya mashine kwenye pampu moja awe makini sana hapo: jaza madumu ya mashine kwanza kwa petroli ya kawaida, yafunge, ndipo ugeukie tangi la gari.

Jambo jingine linaloshangaza wengi: E85 haina asilimia 85 kila siku. Kibandiko cha pampuni huonyesha kiwango kati ya asilimia 51 na 83, kwa sababu kiwango hubadilishwa kwa majira. Nitalieleza kwenye sehemu ya baridi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maili, si ya galoni

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikariri. Galoni ya ethanoli ina nguvu karibu theluthi mbili tu ya galoni ya petroli. Kwa hiyo kwenye E85 gari lako litapunguza maili kwa kila galoni, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 27. Bei iliyoandikwa kwenye bango haikuambii kitu mpaka uigawanye kwa maili.

Tuseme pikapu yako inakwenda maili 17 kwa galoni ya petroli ya kawaida, na maili 13 kwa galoni ya E85. Leo petroli ni dola 3.10 na E85 ni dola 2.40. Macho yanaona nafuu ya senti 70. Sasa gawanya:

3.10 ÷ 17 = senti 18.2 kwa maili
2.40 ÷ 13 = senti 18.5 kwa maili

Umepata hasara kidogo, na juu yake utarudi kituoni mapema. Wiki ijayo E85 ikishuka hadi dola 2.20, hesabu inageuka:

2.20 ÷ 13 = senti 16.9 kwa maili

Hapo kila maili 1,000 zinakubakishia kama dola 13. Kwa anayezunguka Des Moines na vitongoji vyake siku nzima na tela nyuma, mwisho wa mwaka ni fedha ya maana. Kwa anayeendesha kwenda kanisani au msikitini na kurudi, ni kidogo mno kumsumbua.

Njia ya mkato ukiwa umesimama pampuni: zidisha bei ya petroli kwa 0.77. Bei ya E85 ikiwa chini ya jibu, jaza E85. Ikiwa juu, jaza petroli. Kwa mfano wetu, 3.10 mara 0.77 ni 2.39, kwa hiyo 2.40 haifai na 2.20 inafaa. Lakini 0.77 ni ya kuanzia tu. Tafuta namba ya gari lako mwenyewe: jaza mpaka pampu ikatike, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha kazi zako za kawaida, jaza tena mpaka ikatike, gawanya maili kwa galoni ulizoongeza. Fanya hivyo kwa tangi kadhaa za petroli na kadhaa za E85. Gawanya maili za E85 kwa maili za petroli, na jibu ndilo la kuzidishia. Liandike kwenye karatasi ndogo ulibandike ndani ya kile kimlango cha tangi.

Kuna faida moja ambayo hesabu hii haiionyeshi. Ethanoli ina oktani ya juu, yaani huhimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, kwa hiyo injini haigongi kirahisi ikibanwa na mzigo, na baadhi ya injini hupata nguvu zaidi. Silverado ya mwaka 2014 yenye lita 5.3 ilitajwa na watengenezaji kuwa na nguvu za farasi 355 kwa petroli na 380 kwa E85. Ukivuta tela lililojaa mawe kupanda mlima utazihisi. Kubali tu kwamba tangi litaisha mapema: galoni 24 zinazokupeleka maili 408 kwa petroli zitakupeleka 312 kwa E85. Ukitoka kwenda jimbo ambalo E85 ni adimu, angalia kwanza ramani ya vituo kwenye tovuti ya wizara ya nishati, afdc.energy.gov. Hata usipovipata hakuna shida, utajaza petroli juu yake na safari itaendelea.

Hatua ya 4: Mara ya kwanza kujaza

Usianze na galoni mbili za kuonja. Subiri tangi lishuke, kisha ongeza mafuta ya kutosha. Vitabu vya magari ya General Motors vinashauri usiongeze chini ya galoni 3 unapobadilisha aina ya mafuta, na uendeshe hapohapo angalau maili 7 bila kuzima. Sababu ni kwamba magari mengi hayana sensa ya ethanoli. Kompyuta inagundua tangi limejazwa, kisha inakisia mchanganyiko kwa kusoma sensa za oksijeni kwenye ekzosi. Ukijaza na kuegesha palepale nyumbani jirani, inakuwa haijamaliza kujifunza, na asubuhi gari litapiga stata kwa muda mrefu au litawaka likitetemeka.

Kama gari limekunywa petroli kwa miaka kumi, ethanoli inaweza kung'oa uchafu uliogandamana tangini na kwenye mabomba. Ukiona linakosa nguvu baada ya tangi chache, filta ya mafuta ndiyo ya kwanza kuangaliwa, kama gari lako lina filta inayobadilishika. Huo si ugonjwa wa injini.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe kilichomo

Hii si lazima, ila naipenda kwa sababu inakupa uhakika kwa gharama ya mrija mmoja wa kupimia wenye alama za mililita. Fanyia nje, mbali na moto na sigara, ukiwa na glavu. Mimina mililita 50 za maji, yaliyotiwa tone moja la rangi ya chakula. Ongeza mililita 50 za E85. Ziba mdomo, tikisa vizuri, fungua taratibu ili hewa itoke, ziba tena, acha isimame dakika kumi.

Ethanoli yote hukimbilia kwenye maji. Petroli, isiyopatana na maji, huelea juu. Utaona mstari safi: chini rangi, juu tabaka la mafuta. Soma tabaka la juu. Likiwa mililita 12, basi petroli ni kama asilimia 24 na ethanoli ni kama 76. Likiwa 20, ethanoli imeshuka hadi 60 hivi. Ni makadirio, lakini yanatosha kukueleza kwa nini tangi hili limekwenda maili nyingi kuliko lile. Mchanganyiko huo usimwage kwenye sinki wala ardhini. Upeleke kwenye kituo cha kaunti kinachopokea taka za sumu.

Hatua ya 6: Baridi

Ethanoli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kwenye baridi. Huko Brazil, magari ya mwanzo ya ethanoli tupu ya miwa, ya mwaka 1979 na kuendelea, yalibeba kijitangi cha petroli cha kuwashia asubuhi. Hapa dawa ni ileile petroli, ila imechanganywa tayari: wakati wa baridi wauzaji huongeza petroli ndani ya E85 hadi ethanoli ibaki jirani na asilimia 51. Kwa sababu hiyo tangi la Januari lina nguvu kidogo zaidi ya la Julai, ingawa baridi yenyewe hula maili.

Hatari iko Oktoba na Novemba. Kituo kisicho na wateja wengi kinaweza kuwa bado kinauza shehena ya kiangazi wakati usiku umeshaganda. Nunua kwenye vituo vyenye foleni. Ukisikia utabiri wa nyuzi 20 chini ya sifuri, jaza nusu ya tangi kwa petroli ya kawaida jioni hiyo, na uchomeke hita ya injini kwenye umeme kama gari lako linayo. Mvuke mweupe mwingi kwenye ekzosi asubuhi ni maji tu, usikuogopeshe. Kinachoharibu ni tabia ya kuwasha gari, kulisogeza mita kumi na kulizima, siku baada ya siku: mafuta yasiyoungua na maji huteremka kwenye oili, na injini haipati joto la kuyafukuza.

Kwa hiyo fupisha muda wa kubadilisha oili ukitumia E85 zaidi ya petroli. Kitabu cha gari kina ratiba yake chini ya matumizi magumu, ifuate hiyo. Na gari litakaloegeshwa miezi, lisiachwe na E85, maana ethanoli hunyonya unyevu.

Kama gari lako si flex-fuel

Mtandaoni zinauzwa kompyuta ndogo za kuchomeka kwenye nozeli ili gari la petroli linywe E85. Siwashauri. Hazibadilishi mipira wala pampu ya mafuta, na kifaa ambacho EPA haijakithibitisha kinakuingiza kwenye sheria ya kuchezea mfumo wa moshi, mbali na kupoteza dhamana. Ukiwa umejaza E85 kwa bahati mbaya kidogo tu, ongeza petroli mpaka tangi lijae na uendeshe polepole. Ukiwa umejaza tangi zima, usiwashe. Piga simu kwa fundi aitoe.

Kuhusu mahindi yenyewe

Tangi la galoni 24 lenye ethanoli asilimia 75 ni galoni 18 za ethanoli, yaani bushel sita na kidogo: kama kilo 158 za mahindi, karibu magunia mawili ya kilo 90. Sisi tuliolelewa kwa ugali hatuwezi kuisoma namba hiyo bila kusimama. Ni kweli kwamba ni mahindi ya njano ya mifugo na karibu theluthi yake hurudi kama chakula cha wanyama. Ni kweli pia kwamba ardhi hiyo ingeweza kulima kingine. Kuhusu hewa, maabara ya Argonne ya serikali inahesabu kwamba ethanoli hii inatoa gesi joto pungufu kuliko petroli, karibu asilimia 40. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ukiongozwa na mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison ukasema, ukihesabu mashamba mapya yaliyolimwa, inaweza kuwa mbaya kuliko petroli. Kwangu, anayechagua E85 achague kwa sababu ya mfuko wake na wakulima wa jirani, asijiambie kwamba anaokoa dunia.

Ukiipeleka pikapu nyumbani

Wenzetu wa Congo na Burundi, ambako magari hupita kulia mwa barabara kama hapa, hununua pikapu hizi na kuzisafirisha. Flex-fuel itafanya kazi kwa petroli ya huko bila kubadilisha chochote. Ila usiipakie melini na E85. Wiki mbili kabla, acha tangi lishuke, ongeza petroli ya kawaida, endesha maili kadhaa ili kompyuta ijifunze upya, kisha lipunguze tena mpaka chini ya robo, kiwango ambacho kampuni nyingi za meli hukidai. Mwambie atakayeipokea kwamba kifuniko cha njano si onyo la kasoro, na mwandikie namba ya injini kwa ajili ya vipuri, kwa sababu nozeli na pampu ya mafuta ya flex-fuel si sawa na za pikapu ya petroli ya mwaka huohuo.